Kumfundisha Mtoto Kurusha Ndege ya Rimoti: Maswali ya Wasomaji

Kati ya barua zilizotufikia kuhusu ndege ndogo za rimoti, nimechagua nne. Zote zinahusu ndege za mabawa, zile zinazohitaji mwendo ili zikae hewani, si droni za propela nne ambazo nyingi, ukiachia stiki, husimama zenyewe angani. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mwanafunzi, na karibu kila tatizo mlilolieleza linaanzia hapo. Nimefundisha watoto mchezo huu mwisho wa wiki kwa miaka kadhaa, na nimejibu kwa urefu pale nilipoona kuwa jibu fupi lingeweza kumgharimu mtu ndege au kidole.

SWALI: Nilimnunulia mwanangu wa miaka kumi ndege ya rimoti yenye umbo la ndege ya kivita, kwa sababu ndiyo aliyoitamani tangu alipoiona dukani. Siku hiyo hiyo tulikwenda kwenye uwanja wa mpira. Niliirusha kwa mkono, yeye akavuta stiki, ndege ikapanda wima, ikajipindua na kupiga pua ardhini. Haikumaliza hata sekunde kumi. Mtoto alilia sana, na sasa kila nikimwambia nitamnunulia nyingine anajibu kwamba hataki, kwamba yeye hawezi. Nilikosea wapi, na nifanye nini arudi?
Baba wa watoto watatu, Dayton, Ohio, Marekani

JIBU: Ndugu yangu, poleni nyote wawili. Mwambie kijana, kwa kuwa ndiyo kweli na si maneno ya kumbembeleza, kwamba ndege ile ingemshinda mtu yeyote anayeshika rimoti kwa mara ya kwanza, wewe ukiwamo. Kosa lilifanyika dukani, kabla hamjafika uwanjani.

Ndege yenye umbo la kivita ina mabawa madogo ukilinganisha na uzito wake, hivyo hulazimika kwenda kasi ili isianguke. Tena haijinyooshi: ukiilaza upande, hubaki imelala mpaka uirudishe mwenyewe. Mwanao alipovuta stiki kwa nguvu, pua iliinuka, kasi ikaisha, na hewa iliyokuwa ikiteleza juu ya mabawa ikashindwa kuyafuata. Hapo bawa hupoteza nguvu ya kuinua, na kwa kawaida moja hutangulia jingine, ndiyo maana ndege ilijipindua kabla ya kupiga pua. Silika ya mtu anayeona ndege inaanguka ni kuvuta zaidi, na kuvuta zaidi ndiko kunakoiangusha. Dawa yake ni kulegeza stiki, kuiacha pua ishuke kidogo na kuingoja kasi irudi, jambo linalohitaji vitu viwili ambavyo mtoto hakuwa navyo: mazoea, na nafasi ya kutosha kati ya ndege na ardhi.

Ndege ya kujifunzia ina sura nyingine kabisa. Mabawa yake hukaa juu ya mwili, ni marefu na mapana, na ncha zake huinuka kidogo kama mabawa ya pungu anapoelea. Ndege ya namna hiyo ikiinama, huanza kuteleza kuelekea upande ulioinama, bawa la chini hukutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi kuliko la juu, nalo husukumwa kurudi mahali pake bila mtu kugusa kitu. Tafuta iliyotengenezwa kwa foamu, yenye mota ya umeme, na upana wa mita 1.1 hadi 1.5 kutoka ncha hadi ncha. Najua baba wengi hudhani kuwa ndege ndogo sana ndiyo inayomfaa mtoto. Hiyo hupeperushwa na kila upepo na hupotea machoni upesi. Foamu ikivunjika huunganishwa kwa gundi, na jioni hiyo hiyo ndege imerudi kazini.

Kwa kuwa unaishi katika mji wa akina Wright, Wilbur na Orville, ndugu wawili waliotengeneza na kurusha ndege ya kwanza yenye injini, una hadithi ya kweli ya kumpa kijana anayesema hawezi. Mwaka 1878 baba yao aliwaletea kidude cha kuruka, kilichobuniwa na Mfaransa Alphonse Pénaud, chenye kuendeshwa kwa mpira uliosokotwa. Wilbur alikuwa na miaka 11 na Orville miaka 7. Wakakiita popo. Kilipoharibika walijitengenezea vingine, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia, wakastaajabu kuona kwamba kadiri popo alivyokua ndivyo alivyozidi kushindwa kuruka. Mpeleke mwanao Huffman Prairie, nje kidogo ya mji wenu, mahali ambapo watu hao hao walianguka mara kadhaa mwaka 1904 kabla ya kukamilisha duara lao la kwanza angani Septemba 20 mwaka huo. Msimame pale pale majanini, umwambie ni hapa.

Sasa mafunzo yenyewe. Wiki mbili za kwanza msiguse ndege. Nunua au pakua programu ya kompyuta inayoigiza urushaji, uiunganishe na rimoti halisi kwa waya, ili vidole vyake vizoee stiki zile zile atakazozishika uwanjani. Robo saa kila siku inatosha. Huko ataanguka mara mia bila hasara, na utashangaa jinsi machozi yanavyogeuka kuwa kicheko pale kuanguka kunapogharimu kitufe kimoja tu cha kuanza upya.

Mkienda uwanjani, mwende na rimoti mbili zilizounganishwa, moja ya mwalimu na moja ya mwanafunzi. Rimoti ya mwalimu ina swichi yenye springi: mwalimu akiishikilia, ndege inamtii mtoto, na akiiachia, ndege inarudi mikononi mwake papo hapo. Mwalimu ndiye anayeinua ndege kutoka ardhini, anaifikisha mita sitini au sabini juu, anainyoosha, ndipo anamkabidhi mtoto. Kazi ya siku ya kwanza ni kwenda moja kwa moja na kugeuka taratibu, basi. Kuruka na kutua ni masomo ya baadaye sana, kwa sababu hufanyika karibu na ardhi, na karibu na ardhi hakuna muda wa kurekebisha kosa. Sisi uwanjani husema mtoto apewe urefu wa makosa mawili: akikosea mara moja, na akikosea tena katika kulirekebisha lile la kwanza, bado ndege iko juu ya miti. Punguza pia nguvu ya stiki katika mipangilio ya rimoti hadi kama asilimia 60 au 70, ili mkono wenye wasiwasi usiirushe ndege huku na huku.

Ugumu unaobaki ni wa mwalimu, nami naomba unielewe vizuri hapa. Msichana mmoja wa miaka tisa niliyekuwa nikimfundisha aliilaza ndege upande wa kushoto, pua ikaanza kuzama, nami nikaiachia swichi na kuinyoosha. Aliishusha rimoti yake hadi kifuani, akanitazama, akasema polepole: "Mwalimu, nilikuwa nairudisha." Nilitazama mkono wake, kidole gumba kilikuwa bado kimesukuma stiki upande ulio sahihi. Ndege ilikuwa na zaidi ya mita hamsini chini yake. Nilikuwa nimemnyang'anya kosa lake mwenyewe dakika ile ile alipokuwa akilimaliza. Tangu siku hiyo, kabla ya kuachia swichi, huhesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, na mara nyingi nikifika tatu ndege imeshanyooka. Mwanao anayesema hawezi hatarejeshwa na ndege mpya. Atarejeshwa na siku atakayoona kwa macho yake ndege ikianza kuanguka na yeye, si baba, akiiokoa.

Kwa upande wa sheria za huko, kila anayerusha kwa burudani hutakiwa kufaulu jaribio fupi la bure la mtandaoni liitwalo TRUST, na ndege yenye uzito unaozidi gramu 250 husajiliwa kwa mamlaka ya anga, FAA, na mtu mwenye miaka 13 au zaidi, kwa hiyo usajili utakuwa kwa jina lako. Ndege zinazosajiliwa zina pia masharti ya kujitambulisha kwa mawimbi, isipokuwa katika viwanja vilivyoidhinishwa, ambavyo vingi ni vya klabu. Hiyo ni sababu nyingine ya kutafuta klabu. Chama cha Marekani cha ndege hizi, Academy of Model Aeronautics, kilichoanzishwa mwaka 1936, kina makao yake Muncie katika jimbo jirani la Indiana na kitakuelekeza kwenye klabu iliyo karibu. Huko utakuta walimu wenye rimoti mbili tayari, na huenda usilazimike kununua chochote kwa mwezi mzima.

SWALI: Assalaam alaykum. Mjukuu wangu wa kike ana miaka 12 na baba yake anamfundisha kurusha ndege. Ndege ikimpa mgongo anaiongoza vizuri kabisa, lakini ikigeuka kumrudia huipeleka upande usio. Baba yake humpigia kelele "kulia! kushoto!" naye huzidi kuchanganyikiwa. Mimi hukaa kitini nikamwonea huruma. Je, ni mtoto au ni mafunzo?
Bibi, Muscat, Oman

JIBU: Wa alaykum salaam, na shikamoo Bibi. Mtoto hana kasoro. Tatizo hilo humpata kila anayejifunza, hata marubani wa ndege kubwa wanaposhika rimoti kwa mara ya kwanza, kwa sababu wao wamezoea kukaa ndani ya ndege, ambako kulia ni kulia siku zote. Ndege inayokujia ni kama mtu anayekutazama uso kwa uso: mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto.

Mwambie baba yake ayaache maneno "kulia" na "kushoto" kabisa, maana ndege inapomjia, mtoto analazimika kwanza kujiuliza ni kulia kwa nani. Badala yake amfundishe hivi: ndege inapokujia na bawa moja likashuka, peleka stiki upande uleule unaoliona bawa limeshuka. Nyumbani mnajua jinsi mgomba uliolemewa na mkungu unavyotegemezwa kwa mti upande unaoelemea. Stiki ndiyo mti, na bawa lililoshuka ndilo mgomba. Mtoto akishika picha hiyo hana haja ya kupiga hesabu yoyote.

Yapo na mazoezi ya sebuleni. Baba ashike ndege mkononi, betri ikiwa imetolewa, atembee akimjia binti huku akiinamisha bawa moja bila kusema kitu, naye binti asogeze stiki ya rimoti. Wafanye mara ishirini kila jioni, na wewe Bibi uwe mwamuzi. Uwanjani aanze kwa kugeuza mwili wake wote uelekee ndege inakoelekea, huku akiitazama juu ya bega; watoto wengi hushikilia njia hiyo wiki mbili tatu kisha huiacha wenyewe. Baadaye achore namba nane angani, kila kona akigeukia upande wa mbali naye, ili ndege isimjie uso kwa uso kwa muda mrefu. Tena mabawa yapakwe rangi mbili zinazopishana sana, ya juu nyepesi na ya chini nzito au yenye mistari mipana, kwa kuwa mara nyingine mtoto hakosei upande, ila haoni kama anatazama mgongo wa ndege au tumbo lake.

Kwa joto la Muscat, rusheni baada ya alfajiri, jua likiwa mgongoni kwa mrushaji. Ndege ya foamu iliyoachwa ndani ya gari mchana hupinda mabawa, na bawa lililopinda huivuta ndege upande mmoja hata mtoto asipokosea. Betri ndiyo isiachwe garini kabisa.

SWALI: Ninasimamia klabu ya sayansi ya shule ya msingi yenye wanafunzi ishirini. Wana hamu kubwa ya ndege za rimoti lakini hatuna fedha. Tuanzie wapi, na je, sheria inaturuhusu?
Mwalimu, Morogoro, Tanzania

JIBU: Mwalimu, anzeni bila rimoti, na wala msione kuwa hiyo ni njia ya maskini. Mtoto aliyetengeneza na kurusha kwa mkono ndege isiyo na mota anaijua ndege kuliko aliyenunuliwa iliyokamilika.

Kusanyeni foamu nyeupe inayofungashiwa televisheni na majokofu, muikate vipande vyembamba kwa wembe mpya, kazi ya mtu mzima hiyo. Vijiti vya mishikaki huwa uti wa mwili na wa bawa. Tumieni gundi nyeupe ya mbao. Ile gundi kali inayokauka kwa sekunde huila foamu hiyo na kuacha mashimo. Ndege ikishakauka, kila mtoto aitegemeze kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, mahali palipo kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ikilalia mkia, abandike udongo wa mfinyanzi puani mpaka ikae sawa.

Hapo ndipo somo lenyewe lilipo, na ningependa ulipe vipindi viwili au vitatu. Acha kundi moja lirushe ndege yenye udongo mwingi mno, nayo itachomoka na kuzama. Kundi jingine litoe udongo wote: ndege itainua pua, itasita hewani, itaangusha pua, kisha itaiinua tena. Waulize ipi ni hatari zaidi kama ingekuwa na mtu ndani. Pua nzito inatii ingawa kwa uvivu. Mkia mzito haumtii mtu. Baba wa Dayton aliyeandika hapo juu angeipata picha nzima ya ajali yake katika uwanja wenu wa mchanga. Wale watoto wanaorusha tiara watakuwa mbele ya wenzao katika jambo moja, nalo ni upepo: wanajua tayari kwamba tiara hupaa ikiukabili, na ndege ya rimoti nayo huruka na kutua ikiukabili.

Mkipata fedha, nunueni ndege moja ya kujifunzia na rimoti mbili, si ndege tano za bei rahisi. Watoto ishirini wanaweza kugawana ndege moja kwa zamu za dakika tatu, endapo kila zamu ina mrushaji, mtazamaji wa anga na watu, mtunza saa, na mkaguzi. Mkaguzi asidharauliwe. Kabla ya kila mruko asogeze stiki kulia na ahakikishe kibawa kidogo cha ukingoni upande wa kulia kinainuka na cha kushoto kinashuka. Nimeona ndege nzuri ikitoka kutengenezwa waya zake zikiwa zimebadilishana, ikaenda kinyume cha kila alichoamriwa na mwanafunzi wangu. Ukaguzi wa sekunde tano ungeiokoa.

Kuhusu sheria, vyombo vya angani visivyo na rubani ndani vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Iandikieni mamlaka hiyo kabla ya kununua, mkitaja uzito wa ndege, uwanja mtakaotumia na kwamba ni mafunzo ya shule, na msirushe kabla ya kupata jibu. Zile za kurusha kwa mkono anzeni kesho.

SWALI: Betri ya ndege ya mwanangu imevimba kidogo lakini bado inafanya kazi. Huwa anaichaji usiku chumbani kwake. Aendelee nayo?
Mzazi, Nairobi, Kenya

JIBU: Hapana. Leo hii iondoe chumbani. Betri hizi za lithiamu zenye ganda laini zikivimba ni kwamba gesi imejikusanya ndani, na ikichajiwa tena inaweza kushika moto mkali usiozimika kirahisi. Usiitoboe wala usiikandamize, na usiitupe kwenye pipa la taka. Iweke nje, ndani ya ndoo ya mchanga mkavu, mbali na nyumba, kisha uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Ile mpya ichajiwe mchana, mtu mzima akiwapo, juu ya sakafu ya saruji au vigae, kwa chaja ya aina hiyo ya betri inayosawazisha seli zake, yaani betri ndogo zilizounganishwa ndani yake. Kila seli ikijaa huwa volti 4.2 na haipaswi kamwe kushuka chini ya 3.0. Uharibifu mwingi huanzia uwanjani, mtoto anapoomba "mara moja ya mwisho" wakati mota imeshaanza kuchoka, kwa hiyo weka kengele kwenye rimoti ilie baada ya dakika sita, naye atue hapo hapo. Betri ikikaa zaidi ya siku mbili tatu bila kutumika, iachwe na volti kama 3.8 kwa seli, si ikiwa imejaa.

Kwa kuwa uko Kenya, ulizia pia matakwa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya chini ya kanuni za mwaka 2020 za vyombo visivyo na rubani, kabla hamjarusha tena. Na uwanjani mfuate mpangilio mmoja usiobadilika: rimoti iwashwe kwanza, stiki ya mota ikiwa chini kabisa, ndipo betri iunganishwe, mtu mzima akiwa ameishika ndege kwa nyuma na mtoto akiwa nyuma ya mabawa. Mkimaliza, betri itolewe kwanza, rimoti izimwe mwisho. Propela inayogonga kidole haitofautishi ndege ya kuchezea na mashine.